Naogopa Dripu! Je, Kuna Ganzi Isiyo na Sindano?

Kijana mwenzangu, hebu nianze kwa kukusimulia kisa cha kweli. Nilipokuwa kidato cha pili katika shule moja ya bweni, kitanda cha chini yangu alilala rafiki yangu mmoja, fundi wa mpira na hodari wa hesabu. Siku moja akaanza homa. Usiku kucha anatetemeka chini ya mablanketi mawili, asubuhi anajikokota darasani. Ukimuuliza anakujibu, "Ah, uchovu tu." Siku ya tatu akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka. Tulimbeba, tukampakia kwenye gari la shule hadi hospitali. Daktari akasema ni malaria kali, na kwamba amechelewa mno kuletwa.

Alipona, tunamshukuru Mungu. Baadaye nikamuuliza, "Mbona ulituficha, ndugu yangu?" Akaangalia chini. "Mimi siogopi malaria," akasema. "Naogopa dripu. Nilipokuwa darasa la tano walinichoma mara nne wakitafuta mshipa. Nikalia. Wakaniambia, jikaze, wewe si mwanamume?"

Usimcheke. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wapo vijana wengi, wavulana kwa wasichana, ambao wakisikia neno "dripu" tu mapigo ya moyo yanaenda mbio. Wengine huficha ugonjwa, wengine hutoroka wodini, na wengine hukubali kwa shingo upande huku wamekakamaa mpaka mshipa wenyewe unapotea. Hofu ya maumivu si jambo dogo. Inaweza kumchelewesha mtu kupata matibabu, na kuchelewa kunaweza kuua.

Sasa habari njema ni hii: maumivu ya kuwekewa dripu yanaweza kupunguzwa, tena bila kuchomwa sindano nyingine. Njia zipo. Baadhi yake zinahitaji dawa na vifaa ambavyo hospitali nyingi za kwetu hazina. Nyingine unazo wewe mwenyewe, hapo hapo ulipo, na hazigharimu hata senti moja. Basi twende pamoja tuzione.

KWANZA, MKONONI KUNAINGIA NINI?

Wengi tunadhani kwamba mtu akitundikiwa dripu, sindano ya chuma inabaki ndani ya mkono muda wote. Ndiyo maana unamkuta mgonjwa amenyoosha mkono kama ubao, anaogopa hata kujigeuza. Kumbe si hivyo!

Kitu kinachotumika kinaitwa kanula. Ni mrija mwembamba na laini wa plastiki ambao umevalishwa juu ya sindano. Muuguzi hufunga mpira juu kidogo ya kiwiko au kifundo cha mkono ili mshipa ujae damu na kuonekana. Husafisha ngozi kwa spiriti, kisha huingiza sindano pamoja na mrija wake. Akishaona damu imerudi kwenye kichwa cha kanula, anausukuma mrija ndani na kuitoa sindano. Kinachobaki kwenye mshipa ni ile plastiki peke yake, imebanwa kwa plasta. Kwa hiyo maumivu makali ni ya muda mfupi tu, pale ngozi inapotobolewa.

Kanula zina ukubwa mbalimbali na kila ukubwa una rangi yake. Ya kijani ni nene kuliko ya waridi, ya waridi ni nene kuliko ya bluu, na ya njano ni nyembamba zaidi, ndiyo hutumika sana kwa watoto wachanga. Muuguzi huchagua kulingana na mshipa wako na kazi iliyopo. Mtu anayepoteza damu nyingi huhitaji mrija mnene ili maji au damu viingie upesi.

Na kwa nini pauma? Ngozi yako imejaa ncha za mishipa ya fahamu. Sindano inapopita, ncha hizo hushtuka na kupeleka habari kwenye uti wa mgongo, kisha kwenye ubongo. Ubongo ndio unaosema "Aii!" Mgongo wa kiganja una ngozi nyembamba na ncha nyingi, na ndipo mahali ambapo dripu huwekwa mara kwa mara.

GANZI NI NINI HASA?

Bila shaka umewahi kukalia mguu mpaka ukafa ganzi. Unaugusa unahisi kama si wako. Dawa ya ganzi hufanya jambo linalofanana na hilo, ila kwa makusudi na kwa utaratibu.

Habari husafiri ndani ya mshipa wa fahamu kwa msaada wa chembe za sodiamu. Ndiyo, sodiamu ile ile unayoisoma kwenye kemia! Chembe hizo huingia ndani ya mshipa kupitia vilango vidogo sana. Vilango vikifunguka kimoja baada ya kingine, habari inasonga mbele. Dawa ya ganzi huviziba vilango hivyo. Sodiamu haiingii, habari haiendi, ubongo haupati simu yoyote. Sindano inapita, lakini wewe husikii maumivu, au unasikia kidogo tu.

Binadamu waligundua ganzi kwa kutumia ulimi. Watu wa milima ya Andes, Amerika ya Kusini, tangu zamani walitafuna majani ya koka, na waliyajua kwamba yanafanya mdomo ufe ganzi. Kutokana na majani hayo ndiko ilikotolewa kokeini. Mwaka 1884, huko Vienna, daktari kijana Carl Koller aliidondoshea machoni na kuonyesha kwamba jicho linaweza kupasuliwa bila mgonjwa kusikia maumivu. Lakini kokeini, kama unavyojua, ni dawa ya kulevya yenye madhara makubwa. Wanasayansi wakatafuta nyingine.

Katika miaka ya 1930 huko Sweden, mkemia Holger Erdtman alionja kidogo kitu alichokitengeneza maabara. Ulimi ukafa ganzi. (Wewe usijaribu! Maabara ya shule hakuna cha kuonja.) Wenzake Nils Löfgren na Bengt Lundqvist wakaendelea na kazi hiyo, na mwaka 1943 wakapata dawa iitwayo lidokaini. Lundqvist aliijaribu kwenye mwili wake mwenyewe. Ilianza kuuzwa mwaka 1948 na mpaka leo ndiyo dawa ya ganzi inayojulikana zaidi duniani. Katika hospitali za kwetu wengi huiita lignokaini. Ukienda kung'oa jino, kwa kawaida ndiyo hiyo daktari anayokuchoma kwenye fizi.

NGOZI NI MLANGO ULIOFUNGWA

Sasa utauliza: kama lidokaini ipo, kwa nini tusipakwe tu mkononi kabla ya dripu, mambo yakaisha?

Tatizo ni ngozi. Tabaka lake la juu kabisa ni la seli zilizokufa, zimepangwa kama matofali na kushikizwa kwa mafuta. Kazi yake ni kuzuia vitu visiingie mwilini ovyo, na kazi hiyo inaifanya vizuri sana. Ukipaka lidokaini ya kawaida juu ya ngozi nzima, karibu yote inabaki nje.

Njia rahisi ya kulipita tabaka hilo ni kuchoma lidokaini kwa sindano ndogo. Wapo madaktari wanaofanya hivyo kabla ya kuweka kanula nene, na inasaidia. Lakini kwa anayeogopa sindano, kumwambia "nitakuchoma sindano ili usisikie sindano" ni sawa na kumwambia dawa ya moto ni moto. Ndipo watafiti wakatafuta njia za kupita ngozi bila sindano. Tutazame nne.

1. Krimu na jeli ya ganzi

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa Sweden waliona jambo la ajabu. Lidokaini peke yake ni chengachenga ngumu zinazoyeyuka kwenye nyuzi 68 za sentigredi. Dawa ndugu yake, prilokaini, huyeyuka kwenye nyuzi 38 hivi. Lakini ukizichanganya nusu kwa nusu, mchanganyiko huyeyuka kwenye nyuzi 18 tu! Maana yake, kwenye joto la kawaida la chumba unapata mafuta badala ya chenga, na mafuta hayo yana dawa nyingi kiasi cha kuweza kupenya ngozi. Krimu iliyotokana na ugunduzi huo inaitwa EMLA.

Muuguzi hupaka tabaka nene mahali mshipa ulipo, bila kusugua, halafu hufunika kwa plasta ya plastiki isiyopitisha hewa. Kisha mnasubiri. Kusubiri ndiko kazi yenyewe: si chini ya dakika 60. Baada ya saa moja ganzi huwa imeshuka kama milimita 3, na ukisubiri saa mbili inafika kama milimita 5. Krimu ikifutwa, ganzi hudumu saa moja hadi mbili. Usishangae ngozi ikipauka. Dawa hii hubana mishipa midogo kwa muda, na wakati mwingine mshipa huwa mgumu kidogo kuonekana.

Ipo pia jeli ya tetrakaini ya asilimia 4. Hiyo huhitaji dakika 45 kabla ya kuweka kanula, na ganzi yake hudumu saa 4 hadi 6. Yenyewe hutanua mishipa, kwa hiyo ngozi huwa nyekundu na pengine kuwasha kidogo.

2. Dawa ya kupuliza yenye baridi kali

Umewahi kupakwa spiriti ukahisi ubaridi? Spiriti inapokauka huchukua joto la ngozi. Sasa kuna kimiminika kiitwacho kloridi ya ethili ambacho huchemka kwenye nyuzi 12 hivi. Kikigusa ngozi yenye joto la mwili kinageuka mvuke mara moja na kuondoka na joto lote. Ngozi inapoa kwa ghafla, na mishipa ya fahamu inazubaa.

Hupulizwa kwa sekunde chache tu na ganzi huja papo hapo. Lakini haidumu: ni kama dakika moja, basi. Lazima muuguzi awe tayari na kanula mkononi. Wengine husema ubaridi wenyewe unachoma. Na kimiminika hiki hushika moto upesi, kwa hiyo hakiwezi kutumika karibu na moto wowote.

3. Msukumo wa gesi

Katika baadhi ya hospitali za watoto nchini Marekani hutumia kifaa kidogo kiitwacho J-Tip. Hakina sindano. Ndani yake mna lidokaini kidogo sana na gesi ya kaboni dioksidi, ile ile iliyomo kwenye soda. Kikibonyezwa, gesi huisukuma dawa kwa nguvu kubwa kupitia kitundu chembamba, na dawa hupenya ngozi yenyewe. Ganzi hupatikana baada ya dakika moja au mbili. Kinatoa mlio wa "paa!" kama kufungua chupa ya soda, kwa hiyo mgonjwa huambiwa kabla asije akashtuka.

4. Mtetemo na barafu

Njia hii haina dawa kabisa. Inategemea jambo unalolifanya kila siku bila kufikiri. Ukijigonga kiwiko kwenye dawati, unafanya nini? Unasugua! Na ukisugua panapoa. Kwa nini?

Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walitoa maelezo yao. Walisema kwenye uti wa mgongo kuna kitu kama lango. Habari za maumivu hupita hapo kwenda ubongoni, na habari za mguso, msuguo na mtetemo nazo hupita hapo hapo. Mguso ukiwa mwingi, lango hujibana na maumivu hupita machache. Ni kama mlango wa daladala asubuhi: wakishajazana watu wa kwanza, wa nyuma hawaoni pa kupenya.

Daktari mmoja wa watoto wa Marekani, Amy Baxter, alitumia wazo hilo kutengeneza kifaa chenye umbo la nyuki kiitwacho Buzzy. Kinatetemeka na kina mabawa ya barafu. Huwekwa juu ya mahali pa kuchoma, yaani kati ya sindano na ubongo, kwa nusu dakika hadi dakika moja, na huachwa hapo wakati wa kuchoma.

LAKINI HUKU KWETU JE?

Najua unachowaza. "Haya yote ni ya Ulaya na Marekani. Zahanati yetu hata plasta wakati mwingine hakuna." Ni kweli. Krimu za ganzi ni ghali na zinahitaji muda. Hata Shirika la Afya Duniani, lilipotoa mwongozo wake wa mwaka 2015 kuhusu kupunguza maumivu ya chanjo, halikuzipendekeza krimu hizi kwa mipango ya chanjo ya taifa, kwa sababu ya gharama, upatikanaji na muda. Lakini lilipendekeza mambo mengine ambayo hayanunuliwi: mhudumu awe mtulivu, atumie maneno ya kawaida yasiyotisha, mgonjwa akae mkao mzuri, na watoto wapewe kitu cha kuwasahaulisha.

Kwa dripu vilevile, yapo mengi unayoweza kuyafanya pasipo fedha:

Uliza krimu mapema. Kama unajua siku utakayolazwa, kwa mfano kwa upasuaji uliopangwa, uliza mapema: "Je, hapa mna dawa ya ganzi ya kupaka?" Hospitali kubwa nyingine wanayo. Ukiuliza wakati kanula imeshatolewa kwenye pakiti umechelewa, maana inataka saa nzima.

Chagua mkono. Mwambie muuguzi mkono unaoandikia. Mara nyingi anaweza kuweka dripu mkono wa pili, ukabaki huru kula na kuandika.

Pasha mkono joto. Kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu, kikiwekwa mkononi dakika chache, hutanua mishipa. Mshipa ukionekana vizuri, uwezekano wa kuchomwa mara moja tu unaongezeka. Kuning'iniza mkono chini na kukunja na kukunjua ngumi nako kunasaidia. Kama hujakatazwa kula na kunywa, kunywa maji ya kutosha.

Funga lango. Mwombe mzazi au rafiki akusugue juu kidogo ya mahali pa kuchoma, upande wa kiwiko, asikaribie pale palipopakwa spiriti. Kama ipo barafu, aifunge kwenye kitambaa safi na kuiweka hapo juu kwa dakika moja. Isiwekwe juu ya mshipa wenyewe, kwani baridi huufanya usinyae.

Peleka akili kwingine. Hili si la watoto wadogo tu. Tafiti nyingi zilizofanywa kwa watoto na vijana zimeonyesha kwamba akili ikishughulishwa, maumivu ya sindano hupungua. Hesabu kutoka 100 ukipunguza saba saba. Taja wachezaji wote wa timu yako kwa namba za jezi. Simulia filamu uliyoiona. Vuta pumzi taratibu na uitoe taratibu, kama unapoza chai ya moto.

Angalia au usiangalie, uamuzi ni wako. Wengine hutulia wakiona kila kitu, wengine hutulia wakigeuza uso. Hakuna kosa hapo.

KWA MWENYE SELIMUNDU

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyoiita. Kijana mwenye ugonjwa huu anaweza kuwekewa dripu mara nyingi kuliko sisi wengine. Mishipa yake huchoka, na kila safari anatafutwa mshipa upya. Kama ni wewe, una haki zaidi ya kusema.

Ila ushike neno moja: barafu si rafiki yako. Baridi inaweza kuamsha maumivu ya selimundu. Hata kile kifaa cha Buzzy hakishauriwi kutumiwa na barafu kwa mwenye selimundu. Kwako wewe ni joto: kitambaa cha uvuguvugu, blanketi, maji ya kunywa. Na mweleze muuguzi mshipa uliokubali safari iliyopita. Wewe ndiye unayeijua mikono yako.

TAHADHARI!

Krimu ya ganzi ni dawa, si mafuta ya kujipaka. Usiinunue na kujipaka mwenyewe nyumbani. Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya wasichana wawili, wa miaka 22 na 25, kufariki. Walijipaka dawa ya ganzi miguuni ili waondolewe nywele, wakafunga kwa plastiki. Dawa nyingi iliingia kwenye damu, wakapata degedege, wakazimia na hawakuamka. Sehemu inayohitajika kwa dripu ni ndogo kama sarafu. Miguu mizima ni jambo lingine kabisa.

Prilokaini nayo ikizidi inaweza kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni vizuri. Midomo na kucha hugeuka rangi ya bluu. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa watoto wachanga na kwa watu wenye upungufu wa G6PD, hali ya kurithi ambayo ni ya kawaida katika nchi zenye malaria. Pia krimu haipakwi juu ya kidonda, karibu na macho, wala kwa mtu ambaye dawa za ganzi zilishamdhuru. Mwambie mhudumu dawa zote unazotumia.

MNAULIZA, TUNAJIBU

Nikiwa mahututi, nao wasubiri saa nzima ganzi ishike?

Hapana! Malaria kali, kipindupindu, ajali yenye kutoka damu: hapo kila dakika ina thamani. Dripu kwanza. Mwaka 1832 daktari Thomas Latta wa Scotland alikuwa wa kwanza kutibu wagonjwa wa kipindupindu kwa kuwatia maji ya chumvi kwenye mishipa, na wengine waliokuwa wanakata roho walikaa kitandani wakaongea. Hiyo ndiyo nguvu ya dripu. Usiikatae kwa sababu krimu haipo. Kupumua taratibu na kushughulisha akili havihitaji kusubiri.

Mimi nikiona sindano nazimia. Je, nina pepo?

Huna pepo. Kwa baadhi ya watu, wakiona sindano au damu, shinikizo la damu hushuka ghafla, ubongo unapungukiwa damu, mtu anaanguka. Mwambie muuguzi mapema akulaze. Kisha jaribu mbinu iliyoelezwa na mwanasaikolojia wa Sweden, Lars-Göran Öst: kaza misuli ya miguu, tumbo na mkono usiochomwa kwa sekunde 10 hadi 15, mpaka uhisi joto usoni. Legeza kwa nusu dakika. Rudia mara tano. Fanya mazoezi nyumbani siku kadhaa kabla. Mkono unaochomwa uache umelegea.

Muuguzi ananiambia "haiumi". Mbona inauma?

Anataka kukutuliza, lakini kukuambia kweli ni bora zaidi. Mtu akidanganywa leo, kesho hamwamini tena. Unaweza kumwambia kwa heshima, "Sista, naomba uniambie tu ukweli, halafu unihesabie moja mbili tatu kabla ya kuchoma."

Wamenichoma mara mbili, wamekosa. Nifanye nini?

Si kila mshipa ni rahisi, hasa mwili ukiwa umekauka maji. Unaweza kuomba kupumzika kidogo, kupashwa mkono joto, na kuomba mwenye uzoefu zaidi ajaribu. Siyo utovu wa adabu, ilimradi unasema vizuri.

Kulia ni uoga?

Machozi hayazuii dawa kuingia. Anayelia huku ameutuliza mkono wake apate matibabu ni jasiri kuliko anayejificha bwenini na homa.

SEMA HIVI

Wengi wetu hatusemi kwa sababu hatujui tuanzie wapi. Basi jaribu maneno haya: "Shikamoo sista. Mimi naogopa sana sindano, safari iliyopita nilichomwa mara nyingi. Mna dawa ya ganzi ya kupaka? Kama haipo, naomba nilale, nipashwe mkono joto, na uniambie kabla hujachoma." Hayo hayachukui hata nusu dakika. Muuguzi mzuri atafurahi, kwani mgonjwa aliyetulia ana mshipa uliotulia, na kazi yake inakuwa nyepesi.

Na wewe unayesindikiza mgonjwa, acha maneno ya "jikaze" na "mwanaume halii". Mshike mkono wa pili. Mwulize habari za mpira.

Yule rafiki yangu wa bwenini alikuwa na homa siku tatu akanyamaza kwa sababu ya maumivu ya dakika moja. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba maumivu yale yanaweza kupunguzwa, wala kwamba inaruhusiwa kusema "naogopa". Sasa wewe umeambiwa. Ukiona mwenzako ana homa na anajificha chini ya blanketi, usimwache. Kaa naye, muulize kinachomtisha, kisha mwende hospitali pamoja.